Kikao cha Kwanza cha Kuacha Pombe: Pa Kuanzia kwa Mtu wa Newala

Watu wengi ambao pombe imewashinda wameshajaribu kuiacha, tena zaidi ya mara moja. Jirani anayemkuta mtu amelala pembeni mwa barabara hapo Luchingu hajui kwamba mtu huyo alimaliza Ramadhani nzima bila kuonja kitu, au alipita Kwaresima yote mkavu, au aliitwa na mjomba wake mbele ya ukoo akaapa kwamba basi. Aliacha kweli. Idi ikapita, Pasaka ikapita, maneno ya mjomba yakapoa, naye akarudi kilabuni. Watu wakasema hana nia.

Mimi nasema nia alikuwa nayo. Alichokosa ni mtu wa kukaa naye saa kumi na moja jioni, ile saa kiu inapoamka na miguu inapojiongoza yenyewe kuelekea kwa mama muuza. Mke hawezi kuwa mtu huyo, maana amechoka na ana hasira, na ana haki ya kuwa nayo. Shehe au padri hawezi kuwa yeye peke yake, maana mbele yake utasema yale anayotaka kuyasikia. Anayefaa kukaa nawe saa hiyo ni mtu aliyekunywa kama ulivyokunywa wewe, akadanganya kama ulivyodanganya, na sasa hataki tena. Kikundi cha kusaidiana kuacha pombe ndicho hicho tu: watu wa namna hiyo, wamekaa pamoja, siku inayojulikana, mahali panapojulikana.

Makala hii ni kwa yule anayetaka kukaa kikao chake cha kwanza akiwa huku kwetu uwandani, Newala, Kitangari, Mnyambe, au bondeni Masasi, na hajui aanzie wapi.

Kabla ya kikao kuna jambo moja la mwili ambalo nitalikalia kwa muda, kwa sababu linaua. Jiulize: asubuhi ukiamka, mikono inatetemeka mpaka uzimue? Kikombe cha chai unakishika kwa mikono miwili ili kisimwagike? Unatoka jasho wakati wenzako wanajifunika khanga kwa baridi ya mwezi wa Sita? Kama jibu ni ndiyo, mwili wako umeshazoea pombe kiasi kwamba ukiikata ghafla utakuja juu. Vijana huita hali hiyo arosto. Saa chache baada ya kikombe cha mwisho huanza kutetemeka, kichefuchefu, moyo kwenda mbio na usingizi kukataa. Katika siku mbili za mwanzo mtu anaweza kupata degedege. Siku ya pili mpaka ya nne wengine huchanganyikiwa kabisa, huona wadudu ukutani, husikia watu wanawaita, hupigana na hewa. Huku kwetu mtu akifika hapo familia husema ana majini au ametupiwa kitu, akapelekwa kwa mganga au akasomewa usiku kucha. Dua haikatazwi. Lakini mgonjwa huyo anatakiwa hospitali usiku huohuo, kwa sababu hali hiyo isipotibiwa inaweza kumuua, na ikitibiwa mapema watu wengi hutoka salama. Hospitali humpa dawa ya kumtuliza, kama diazepam, kwa kipimo kinachopunguzwa siku hadi siku, pamoja na vitamini B1, maana mnywaji wa muda mrefu huwa ameishiwa nayo. Dawa hizo usizitafute mwenyewe duka la dawa. Diazepam ikichanganywa na pombe inaweza kuzima pumzi.

Kwa hiyo, ndugu yangu, kama wewe ni wa kuzimua asubuhi, mlango wako wa kwanza ni hospitali: Hospitali ya Wilaya ya Newala, Mkomaindo kwa watu wa Masasi, au Hospitali ya Mtakatifu Benedikto pale Ndanda, njiani kati ya Masasi na Mnazi Mmoja, ambako Wabenediktini wamekaa tangu 1906. Kesi ikiwa nzito zaidi, kuna Hospitali ya Ligula mjini Mtwara. Ukifika usiseme unaumwa tumbo. Sema: nakunywa kila siku, nataka kuacha, nikiacha natetemeka. Taja na unachokunywa. Wengi huogopa kutaja nipa, gongo letu la mabibo, kwa kuwa gongo ni haramu kisheria, wakidhani muuguzi ataita polisi. Muuguzi si polisi, na siri ya mgonjwa ni sehemu ya kazi yake. Anahitaji kujua kama ni uraka wa mabibo, nipa au pombe za dukani ili ajue mwili wako umebeba nini. Na kama baada ya kunywa nipa macho yanaona ukungu, usingoje kulala ukidhani yatapona kesho. Hiyo ni dalili ya sumu ya methanoli, nayo hupofusha na kuua.

Huenda mhudumu akakuuliza maswali kumi: mara ngapi unakunywa, kiasi gani, kama umeshashindwa kufanya kazi kwa ajili ya pombe, kama kuna mtu ameumia kwa sababu ya ulevi wako. Usikasirike. Maswali hayo yalitungwa chini ya Shirika la Afya Duniani na hutumika dunia nzima, na toleo lake la Kiswahili lilipimwa na watafiti Moshi, kwenye hospitali ya KCMC, ambako umejengwa mpango wa kuzungumza na majeruhi wanywaji uitwao Punguza Pombe Kwa Afya Yako. Alama 8 na kuendelea zinamaanisha unywaji wako umeshakuwa wa hatari. Jibu kwa ukweli. Ni mazoezi mazuri ya kile utakachokwenda kukifanya kikaoni.

Sasa kikao chenyewe utakipata wapi?

Hapohapo hospitali ndipo pa kuulizia kwanza. Omba kuonana na anayeshughulikia afya ya akili, au afisa ustawi wa jamii, umuulize swali moja lililonyooka: kuna mtu yeyote wilayani hapa aliyeacha pombe na yuko tayari kuzungumza na mwenzake? Usiulize kama kuna kituo au mradi, maana utajibiwa hakuna na utarudi nyumbani. Uliza mtu. Watu wa aina hiyo wapo kila kata, ila hawana bango mlangoni. Ukikosa hospitali, nenda kwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii kijijini kwako, yule anayepita nyumba kwa nyumba. Yeye anajua nani alikuwa anaokotwa mtaroni miaka mitatu iliyopita na leo analima na kusomesha. Wizara ya Afya nayo ina namba ya kupiga bure, 199, ukitaka kuuliza bila kuonekana sura.

Mlango wa pili ni vikundi vilivyokwishakuwapo. Watu wanaoishi na VVU wametutangulia sana katika jambo hili. Miaka ambayo hakuna aliyethubutu kutaja hali yake, wao walikaa chini, wakataja, wakaanzisha vikundi vya kufuatiliana dawa, wakawa na washauri rika kwenye kliniki za tiba na matunzo (CTC). Wanajua namna ya kutunza siri ya mwenzako, wanajua la kufanya mwanachama asipoonekana wiki mbili. Kama unamfahamu mmoja wao, mwombe akueleze walivyoanza. Tena katika vikundi hivyo wapo wanaopambana na pombe pia, kwa sababu pombe na ufuasi wa dawa havikai nyumba moja. Vikoba navyo visidharauliwe, hasa kwa akina mama: mwanamke anayetaka kuacha anaweza kumnong'oneza mwenyekiti wa kikoba chake na akashangaa kusikia kwamba wako watatu.

Mlango wa tatu ni simu. Alcoholics Anonymous, ambayo wengi huiita AA tu, ina vikao Dar es Salaam na Arusha, na Nairobi vimekuwapo kwa miaka mingi. Tangu wakati wa korona vikao vingi duniani vinafanyika pia kwa intaneti, vingine kwa sauti tu, bila picha. Ukiwa na bando la saa moja na mahali penye mtandao unaweza kusikiliza ukiwa umekaa shambani. Kama una ndugu Dar na utakuwa huko wiki mbili, hiyo ni nafasi ya kwenda kikao cha ana kwa ana ukaona kinavyoendeshwa, kisha ukarudi nacho nyumbani. Zanzibar nako, kwenye nyumba za upataji nafuu zilizoanza kuenea mwishoni mwa miaka ya 2000, watu wanaotoka kwenye heroini hukaa vikao vya namna hiyo kila siku. Ulevi ni tofauti, utaratibu ni mmoja.

Nitasema nionavyo. Usingoje hiki cha simu kikutosheleze. Kinasaidia sana usiku wa manane ambapo huna wa kumwamsha, lakini mtu wa kwenye simu hawezi kukufuata nyumbani usipotokea. Unahitaji mtu wa Newala.

Na kama umeuliza kote na hakuna kikundi, basi hicho kikao cha kwanza utakiitisha wewe. Usishtuke. AA yenyewe ilianza na watu wawili. Mwezi Mei 1935 dalali wa hisa kutoka New York, Bill Wilson, alikuwa katika mji wa Akron, jimbo la Ohio, Marekani. Biashara iliyompeleka ilikuwa imeharibika, alikuwa ameacha pombe kwa miezi michache tu, na baa ya hoteli ilikuwa inamwita. Badala ya kuingia baa alishika simu akapigia makanisa ya mji ule, akitafuta mlevi mwenzake wa kuzungumza naye. Akaunganishwa na daktari wa upasuaji, Bob Smith, ambaye pombe ilikuwa inammaliza. Daktari alikubali kuonana naye kwa muda mfupi tu, wakaishia kuzungumza saa nyingi. Bob alikunywa mara ya mwisho tarehe 10 Juni mwaka ule, na siku hiyo ndiyo AA inayoihesabu kuwa siku ya kuzaliwa kwake. Walipotaka mtu wa tatu walikwenda hospitali wakauliza wauguzi kama kuna mlevi amelazwa. Hawakuwa na ofisi, hawakuwa na mfadhili. Katika yale waliyofanya, hakuna ambalo mtu wa Mcholi, hapa Newala, hawezi kulifanya.

Mtu wa pili mtafute miongoni mwa wanywaji wenzako, lakini si yule mnayecheka naye zaidi. Mtafute yule aliyewahi kukwambia, siku moja mkiwa wawili, kwamba amechoka. Kila kilabu kina mtu huyo. Mwendee asubuhi, hajanywa, mahali pasipo na watu. Kama mlikaa jando pamoja ni vizuri zaidi, maana ameshakujua tangu mkiwa watoto na huna cha kumficha. Usimhubirie. Mwambie habari zako wewe, pombe imekufanya nini, halafu mwambie: Alhamisi saa kumi na nusu nitakuwa mahali fulani, nitakaa saa moja, njoo tuzungumze. Asipokuja, kaa saa hiyo hiyo peke yako, ujue na wiki ijayo utakuwepo.

Saa na mahali si mambo madogo. Saa nzuri ni ile ambayo ungekuwa unaelekea kunywa. Kwa watu wengi ni baada ya alasiri, na ikiisha kabla ya magharibi kila mtu anawahi swala au chakula chake. Epuka siku ya gulio, kwa sababu siku ya gulio pombe ipo kila kona na fedha ipo mfukoni. Mahali, msichague ofisi ya mtendaji, watu watadhani mna kesi. Msichague sebule ya mtu mwenye wageni kila saa. Msikiti na kanisa ni pazuri kwa waumini wake, ila Mwislamu hatakuja ukumbi wa parokia kirahisi, wala Mkristo hataingia madrasa, na huku kwetu wanywaji ni wa dini zote. Darasa la shule ya msingi baada ya wanafunzi kutoka, kwa ruhusa ya mwalimu mkuu, linafaa sana, kuna mabenchi na hakuna anayeuliza. Mti nao unatosha, lakini uwe mwembe. Usiwe mkorosho wakati wa msimu. Mabibo yakianguka yakalala siku mbili juani yanaanza kuchacha, harufu yake ni uraka mtupu, na mtu wa siku tatu bila kunywa hawezi kukaa katika harufu hiyo akasikiliza habari nyingine.

Sasa umefika. Nitaeleza kinachotokea, kwa sababu hofu kubwa ya watu ni kutokujua watakutana na nini.

Mko wanne, tuseme. Mmekaa duara au mabenchi mawili yanayotazamana, si kama darasani. Kuna chai ya rangi kwenye chupa na vikombe vya plastiki, na naomba hiyo chai iwe na sukari ya kutosha, maana mtu aliyetoka kwenye pombe hutamani sukari kweli kweli. Mwenye zamu ya kuongoza anasema masharti, na masharti ni machache: linalosemwa hapa linabaki hapa, kila mtu anasema habari zake, si za mwenzake, mtu akiongea hakatizwi, hakuna kiingilio. Katika AA sharti la kuwa mwanachama ni moja tu, hamu ya kuacha kunywa. Hutaulizwa cheti, dini wala kabila. Majina ni ya kwanza tu. Kijijini hilo linaonekana halina maana, sote tunajuana mpaka ukoo wa bibi, lakini lishikeni hivyohivyo. Linamkumbusha kila mmoja kwamba hapa hakuja kama mwalimu, mwenyekiti wa kitongoji au mtoto wa fulani.

Kisha mmoja anaanza. Anasema jina lake, anasema pombe imemshinda, anasimulia. Si hotuba. Mtu atasema aliuza baiskeli ya mwanawe. Mwingine atasema hakumbuki alivyofika nyumbani msiba wa mama yake. Utasikia kitu ambacho ulidhani ni wewe tu uliyekifanya duniani, kinasemwa na mtu mwingine kwa sauti ya kawaida, na hakuna aliyekimbia. Hapo ndipo wengi hulegea mabega kwa mara ya kwanza baada ya miaka.

Zamu yako ikifika hulazimiki kusema chochote. Unaweza kusema, “Naitwa Issa, leo nimekuja kusikiliza.” Inatosha, na hakuna atakayekusukuma. Ukitaka kuendelea, sema mambo mawili: lini ulikunywa mara ya mwisho, na kwa nini umekuja leo. Usijieleze sana. Usiape. Viapo umeshatoa vingi, na havikukusaidia. Katika vikao hivi watu hujifunga kwa siku moja tu: leo sinywi. Kesho ina kesho yake.

Liko jambo moja la kwetu ambalo lisipowekewa mpaka litaua kikundi, nalo ni utani. Sisi watu wa kusini tunatania mpaka makaburini, na mlevi ndiye kitoweo cha utani. Mmakonde na mtani wake Myao wakikutana kikaoni, neno chapombe litatoka lenyewe na watu watacheka. Anayecheka atakuwa anacheka kwa mdomo tu. Wiki ijayo hutamwona. Kubalianeni siku ya kwanza kabisa kwamba utani unaachwa nje na viatu, na mwongozaji awe na ujasiri wa kumkumbusha hata mtu mzima.

Halafu dini. Hatua 12 za AA, zilizochapishwa katika kitabu chao cha mwaka 1939, zinamtaja Mungu, na ziliandikwa na watu wa malezi ya Kikristo. Waislamu wengine huona huo si mlango wao. Ujue kwamba Waislamu wa Marekani waliliona hilo mapema, na mwaka 1989 mjini Baltimore wakaanzisha kikundi chao, Millati Islami, wakifuata hatua zilezile kwa msingi wa Uislamu. Nanyi mnaweza. Kikaoni kila mtu amtegemee Mungu wake kwa jinsi anavyomjua, dua ya kufungua iwe ya kimya, na asiwepo wa kumwambia mwenzake kwamba angeswali vizuri asingekunywa. Mwenzako ameshajiambia hayo mara nyingi kuliko utakavyoweza kumwambia.

Kwa dada zangu na mama zangu. Mwanamke anayekunywa huku hufichwa ndani, na aibu yake huwa kubwa mara mbili. Kikao chenye wanaume kumi na mwanamke mmoja hakitamfaa. Heri wanawake wawili wakae kivyao, mchana, wakati ambao kutoka kwao nyumbani hakuhitaji maelezo. Na yupo mwanamke mwingine ambaye huwa hatumtaji: yule anayepika. Anachemsha nipa kwa sababu sare za watoto hazingoji, na mara nyingi ndiye wa kwanza kuonja ili ajue kama imeiva. Akitaka kuacha kunywa lazima aache kupika, na akiacha kupika nyumba inalala njaa. Kumwambia tu kwamba ni dhambi si ushauri. Kituo cha utafiti cha TARI Naliendele, pale Mtwara, kinafundisha kutengeneza juisi na jemu kutokana na mabibo haya haya, na afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri ndiye anayeshughulikia vikundi na mikopo ya akina mama. Apelekwe huko kwa mkono, asielekezwe kwa kidole.

Mke au mume wa mnywaji naye anahitaji watu wake. Mwaka 1951 wake wa wanachama wa AA walianzisha Al-Anon, kikundi cha familia, kwa sababu waligundua kwamba mtu anaweza kuugua kwa pombe ambayo hajainywa. Wewe uliyeolewa na pombe ya mtu mwingine, usiende kikao chake kumlinda. Tafuta mwenzako mmoja mwenye shida kama yako, mkae.

Baada ya kikao cha kwanza utatoka ukiwa mwepesi, na usiku huohuo kiu itakuja kama kawaida. Kabla hujatoka, hakikisha una namba ya simu ya mtu mmoja aliyekutangulia kuacha, ambaye AA humwita sponsa. Kazi yake ni kupokea simu. Yako ni kupiga kabla ya kunywa, si baada. Ukiteleza ukanywa, rudi kikaoni wiki ileile. Wengi wanaopotea hawapotezwi na kile kikombe, wanapotezwa na aibu ya kurudi baada ya kikombe. Na kikundi kinachomfukuza aliyeteleza hakijaelewa kazi yake. Sharti liwe tu kwamba hakai kikaoni akiwa amelewa. Aje kesho yake.

Sasa niseme habari ya fedha, kwa kuwa kwetu pombe na korosho vina kalenda moja. Mwezi wa Saba na wa Nane, mikorosho ikiwa kwenye maua, mnunuzi wa kangomba humfuata anayejulikana kuwa na kiu. Humpa fedha kidogo leo kwa korosho zitakazovunwa kesho, kwa bei ya kuumiza, na fedha hiyo inaishia kilabuni kabla korosho haijaanguka. Oktoba minada ikifunguliwa, wenzake wanapeleka mzigo kwenye chama chao cha ushirika, AMCOS, na kusubiri malipo kwenye akaunti, yeye anaokotea wengine. Halafu yule ambaye hakuuza kangomba naye ana mtihani wake, siku fedha zinapoingia. Siku hiyo mtu aliyekaa miezi mitatu mkavu hujiambia moja tu ya kujipongeza. Mkubaliane kikaoni mapema: fedha ya mwanachama ikiingia, haendi benki peke yake. Anakwenda na mwenzake wa kikundi, au na mke, au na mjomba aliyeaminiwa, na kutoka benki wanapitia kulipa madeni na kununua mahitaji kabla ya kurudi kijijini. Wiki hizo za malipo kaeni vikao viwili au vitatu kwa wiki, si kimoja. Miaka ile ya viroba, pombe kali za vifuko, kabla ya serikali kuvipiga marufuku tarehe 1 Machi 2017, mtu alikuwa anatembea na pombe mfukoni. Leo haimo mfukoni, ila bodaboda atakupeleka ilipo kwa nauli ndogo, kwa hiyo ulinzi wenu ni ratiba.

Ukiwa umesoma mpaka hapa na ni wewe, usingoje Ramadhani ijayo wala mwaka mpya. Kama mikono inatetemeka asubuhi, kesho nenda hospitali na useme ukweli. Kama haitetemeki, leo kabla jua halijazama mtaje kichwani yule mmoja aliyekwambia amechoka, umwendee kesho asubuhi, umtajie siku, saa na mahali. Mkishakuwa wawili, kikundi kimeanza. Na ewe mwalimu mkuu, shehe, padri, mganga mfawidhi wa zahanati, wakija watu wawili kukuomba chumba cha saa moja kwa wiki bila kukueleza sana ni cha nini, wape ufunguo.